Reli iliyopita upande mmoja wa mlima

Chukua ramani ya zamani ya reli ya Kenya, ufuate kwa kidole mstari unaotoka Nairobi kwenda kaskazini: Thika, Makuyu, Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo, Naro Moru, halafu Nanyuki. Hapo unakomea. Mstari huo umeukumbatia Mlima Kenya kwa upande wa magharibi tu. Upande wa mashariki, kwenye makao ya Waembu, Wambeere, Wachuka, Watharaka na Wameru, hakuna hata kituo kimoja, na hakijajengwa hadi leo.

Kipande cha kwanza cha njia hiyo, Nairobi hadi Thika, kilifunguliwa mwaka 1913. Serikali ya kikoloni ilikiita tramu ya Thika. Miaka hiyo, mtu wa London au Johannesburg akisikia tramu alijua ni gari la umeme linalobeba abiria katikati ya mitaa. Ya Thika ilikuwa garimoshi la kawaida la mvuke, likipita kwenye mashamba ya walowezi. Mombasa nako, tangu miaka ya 1890, kulikuwa na toroli zilizopita juu ya reli nyembamba, abiria wameketi chini ya kivuli cha turubai na wanaume wakizisukuma kwa mikono. Tramu ya umeme yenyewe haikuwahi kupita katika mji wowote wa Kenya.

Kutoka Thika reli ilisogezwa hatua kwa hatua, ikawa imefika Nanyuki kufikia mwaka 1931. Kwa nini Nanyuki na si Embu au Meru? Si kwamba miji hii haikujulikana. Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906, na la Meru likafuata muda mfupi baadaye chini ya E. B. Horne, mkuu wa wilaya ambaye wenyeji walimbatiza Kangangi. Tofauti ilikuwa ni nani aliyemiliki ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maeneo ya Nanyuki na Timau yaligawiwa walowezi, wakiwemo askari Wazungu waliotoka vitani. Embu na Meru zilikuwa rizavu za Waafrika. Ukitazama matawi mengine yaliyojengwa miaka ya 1920, kuelekea Solai, Kitale na Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu, utaona mkono ni uleule: reli ilifuata shamba la mlowezi.

Wapo watakaosema kikwazo kilikuwa milima na mabonde, na kwa kiasi wana haki. Anayesafiri kwa barabara kutoka Embu hadi Meru anavuka Thuci, Mutonga, Nithi na mito mingine mingi inayoshuka kwa kasi kutoka mlimani. Pale Nithi barabara inajipinda na kuteremka ghafla hadi darajani, na madereva wengi wamepoteza maisha kwenye mteremko huo. Garimoshi haliwezi mteremko kama huo. Lingehitaji madaraja marefu na mizunguko ya gharama kubwa. Hata hivyo, wakoloni waliposhuka Bonde la Ufa na kupanda ukingo wake wa pili hadi Kisumu, gharama haikuwazuia. Palipokuwa na nia, njia ilipatikana.

Athari zake zilionekana mapema. Katika miaka ya 1930 serikali ilipowaruhusu Waafrika wachache kulima kahawa kwa majaribio, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza, pamoja na Kisii. Kahawa ikastawi, lakini ilipaswa kupandishwa kwenye lori kwanza ili ifike relini, iwe kwa njia ya Sagana au kwa kuzunguka Timau hadi Nanyuki. Gharama hiyo ilimrudia mkulima.

Kinachoniuma zaidi ni suala la umeme. Mto Tana unapopita mpakani mwa Embu na majirani zake Machakos na Kitui umewekewa mabwawa matano: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225, na ndiyo stesheni kubwa kuliko zote za umeme wa maji nchini. Huko Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo, umeme wa mabwawa ulianza kuendesha treni tangu miaka ya 1950. Watanzania walizindua treni yao ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Sisi reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, inatumia dizeli, na Embu, kaunti yenye mabwawa hayo mpakani mwake, haina reli ya aina yoyote.

Njia ya Nanyuki ilikarabatiwa na treni za abiria zikarudi mwaka 2020. Ni jambo jema. Mradi wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, nao una reli katika ramani yake, na Isiolo, jirani wa Meru, ndiyo njia panda yake. Reli hiyo bado ni mchoro, na mchoro hurekebishwa kwa kalamu. Magavana wa Embu, Tharaka-Nithi na Meru waketi pamoja sasa, wadai tawi la umeme litakalopita mashariki ya mlima, kabla mkandarasi wa kwanza hajafika.