Kukamata, Kutamka na Kuteketeza: Maneno ya Mkaguzi wa Chakula Wakati wa Vita

Katika tafsiri za sheria za afya, tendo la kuondoa chakula kibovu sokoni huitwa mara "kukamata", mara "kuharamisha", mara "kuteketeza", kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Historia ya ukaguzi wa chakula nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili yatuonyesha kuwa sivyo.

Sheria ya Chakula na Dawa ya 1938 ilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 1939, mwezi mmoja tu baada ya vita kuanza. Mkaguzi wa afya alikuwa mtumishi wa halmashauri ya mahali, si wa serikali kuu. Aliweza kukamata chakula alichokishuku, lakini hakuwa na mamlaka ya kukihukumu. Ilimpasa akifikishe kwa hakimu, naye hakimu ndiye aliyetamka kwamba hakifai kuliwa na binadamu na kuamuru kiteketezwe, au kiondolewe kwa njia ambayo watu hawataweza kukila.

Vita viliipa tofauti hiyo uzito. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940, na wa nyama Machi mwaka huo. Wizara ya Chakula ikatwaa machinjio na kuyapunguza kutoka maelfu hadi mamia machache. Tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga gati za London, na maghala ya chakula yakaungua. Baada ya mashambulio ya namna hiyo, mkaguzi alikabiliwa na unga wenye vipande vya vioo, makopo yaliyotoboka, na vyakula vilivyolowa maji ya wazima moto. Kupitisha kilichoharibika ni kudhuru walaji. Kukataa kilicho kizima ni kuwanyima riziki watu wenye mgao mdogo. Tena, kisichomfaa binadamu huenda kikafaa mifugo. Kwa hiyo si kila kilichokataliwa kiliteketezwa.

Kwa sababu hiyo twapendekeza maneno matatu yasichanganywe. "Kukamata" ni tendo la mkaguzi. "Kutamka kuwa hakifai" ni uamuzi wa hakimu. "Kuteketeza" ni utekelezaji wake. Mtafsiri asemaye kwamba mkaguzi "aliteketeza" amempa mamlaka ambayo sheria haikumpa, na amemnyima mwenye mali haki ya kusikilizwa.

"Kuharamisha" twalikataa kabisa katika matini ya namna hii. Neno hilo ni la sheria ya dini. Nyama ya mnyama aliyechinjwa kihalali yaweza kuwa na ugonjwa, nayo isifae. Na nyama iliyo haramu kwa wengine yaweza kuwa safi mbele ya mkaguzi.

Neno likikosewa katika sheria, si ukurasa tu uharibikao. Mwenye duka hupoteza mali yake, au mlaji hupoteza afya yake.