Kujitenga na Kurudi: Habari ya Lithuania

Usiku wa tarehe 11 Machi 1990, Baraza Kuu la Lithuania lilipiga kura mjini Vilnius. Wajumbe 124 walikubali, sita walijizuia, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekataa. Walilolikubali ni kurudishwa kwa dola huru ya Lithuania. Neno hilo la kurudishwa halikuingia katika azimio kwa bahati. Ndani yake imo hoja yote ya taifa lile, na kwa ajili yake watu walikubali taabu ambayo pengine neno jingine lingaliwapunguzia.

Asili ya hoja ni mwaka 1939. Tarehe 23 Agosti, Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin zilitia sahihi mkataba wa kutoshambuliana, na nyuma ya mkataba zikafanya mapatano ya siri ya kugawana nchi za watu. Lithuania iliangukia kwanza fungu la Ujerumani. Mwezi uliofuata ikahamishiwa fungu la Urusi, mfano wa shamba linalobadilishwa na majirani wawili na mwenyewe hana habari. Juni 1940 majeshi ya Urusi yakaingia. Julai pakafanywa uchaguzi wenye orodha moja tu ya wagombea, na bunge lililozaliwa humo likaomba kuingizwa katika Muungano wa Kisovieti, Agosti likakubaliwa. Marekani haikulitambua tendo hilo kamwe, msimamo ambao kwa muda mrefu ulionekana kuwa adabu ya makaratasi tu.

Kwa miaka mingi Moscow ilikana kuwapo kwa siri ile. Ilipotimia miaka 50, tarehe 23 Agosti 1989, watu wapatao milioni mbili wa Lithuania, Latvia na Estonia walishikana mikono toka Vilnius, kupitia Riga, hata Tallinn, mwendo upitao kilomita 600. Desemba ya mwaka uleule Baraza la Wajumbe wa Umma mjini Moscow likakiri kuwa mapatano yalikuwapo, likayatangaza kuwa batili.

Hapo ndipo Gorbachev aliponaswa. Ikiwa mapatano ni batili, matunda yake yatakuwaje halali? Aprili 1990 ilipitishwa sheria ya jamhuri kujitenga: thuluthi mbili za wapiga kura wakubali, kisha ungojwe muda wa hadi miaka mitano. Ilikuwa njia, ingawa nyembamba. Lakini ajitengaye hukiri kwamba alikuwa sehemu ya kile anachokiacha, na aliyeporwa haombi ruhusa ya kurudishiwa chake. Lithuania ilikataa. Moscow ikaifungia mafuta. Rais Mitterrand na Kansela Kohl wakaisihi kwa barua isimamishe athari za azimio lake kwa muda. Mwisho wa Juni Vilnius ilikubali kusimamisha kwa masharti ya mazungumzo, ila haikulifuta neno.

Tarehe 13 Januari 1991 askari wenye vifaru waliuteka mnara wa televisheni wa Vilnius, uliokuwa umezungukwa na raia wasio na silaha. Watu 14 waliuawa. Mwezi uliofuata wananchi waliulizwa kwa kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga waliutaka uhuru. Baada ya mapinduzi ya Agosti kushindwa mjini Moscow, mataifa yakaitambua Lithuania moja baada ya jingine. Muungano wenyewe ukafanya hivyo tarehe 6 Septemba.

Demokrasia ilikuja na mtihani wake, tena mapema. Landsbergis, profesa wa muziki aliyeliongoza baraza la 1990, aliona upande wake ukishindwa katika uchaguzi wa 1992. Walioshinda walikuwa wakomunisti wa zamani chini ya Brazauskas, ambaye mwaka 1989 alikitoa chama chake katika utii wa Moscow. Wako waliochukizwa mno, na hasira yao yafahamika. Hata hivyo madaraka yalikabidhiwa kwa amani. Askari wa mwisho wa Urusi walipoondoka tarehe 31 Agosti 1993, rais wa Lithuania alikuwa Brazauskas.