Hadhi ya mwalimu nchini Tanzania

Hadhi ya mwalimu nchini Tanzania ni nafasi na heshima ambayo jamii ya nchi hiyo humpa mwalimu. Imeshuka sana tangu miaka ya 1970, ingawa neno "mwalimu" lenyewe limebaki na uzito wake: hadi leo likitajwa peke yake katika habari za siasa, wengi huelewa kwamba anayezungumziwa ni Julius Nyerere.

Historia

Katika miji ya pwani jina hilo lilikuwa la heshima kabla ya shule za kikoloni, kwa kuwa aliitwa hivyo aliyefundisha watoto Kurani chuoni. Wakati wa utawala wa Waingereza mwalimu wa shule alikuwa mmoja wa watu wachache kijijini waliojua kusoma na kuandika. Watu walimpelekea barua zao awasomee na kumwomba awaandikie majibu. Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere, alifundisha Tabora na Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi hiyo kwa ajili ya TANU.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa, wakafundisha huku wakisoma kwa njia ya posta na redio. Watoto wengi walipata shule kwa sababu yao, lakini jina "mwalimu wa UPE" likawa la dharau. Hali hiyo ilijirudia miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka haraka: waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya muda mfupi waliitwa "voda fasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu upesi.

Sababu

Lawama hutupiwa mara nyingi utovu wa nidhamu wa vijana, na siku hizi intaneti. Maelezo hayo hayatoshi. Kwa miaka mingi vyuo vya ualimu ngazi ya cheti vilipokea waliopata daraja la nne katika mtihani wa kidato cha nne, na wazazi walijua hivyo. Mishahara nayo ni midogo. Baadhi ya walimu hujazia kipato kwa tuisheni, au kwa kuwauzia wanafunzi wao barafu na maandazi wakati wa mapumziko; ni vigumu mtoto kumwona kwa jicho lile lile mtu anayemdai shilingi mia ya andazi.

Mwalimu na serikali

Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko na polisi, kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya ya mitihani. Tukio hilo lilizua hasira nchini, na Rais Jakaya Kikwete akamfukuza kazi.

Mwishoni mwa Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kiliitisha mgomo kudai nyongeza ya mishahara. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru usitishwe. Katika baadhi ya miji wanafunzi walikuwa wameandamana barabarani wakidai walimu wao warudi darasani.