Maili za mjomba na nyongeza ya sokoni

Wadau, Jumapili iliyopita nilikuwa Moshono kwa mjomba. Mjomba ni mtu wa semina na mikutano, leo Nairobi kesho Addis, na kwa miaka 9 amekuwa akikusanya maili za shirika moja la ndege (jina kapuni). Hakukusanya kwa sifa. Alitaka zikitosha bibi apande ndege bure akamwone mama mdogo, ambaye ameolewa Ulaya na hawajaonana miaka mingi. Mwezi uliopita alipoomba hiyo tiketi akaambiwa bei imepanda karibu mara mbili, na sehemu ya maili zake zimeisha muda.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unawawekea wao?"

Swali hilo nimelala nalo. Nikaona bora tulijibu kwa historia.

Mambo yalianzia Marekani. Mwaka 1978 serikali yao iliacha kupanga nauli na njia za ndege, mashirika yakaachwa yapambane sokoni. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage: ruka nasi, tunakuhesabia maili, zikitosha unapata tiketi. Siku chache baadaye United nayo ikatoa mpango wake. Hesabu ilikuwa rahisi. Kiti kinachoruka kitupu ni kama nyanya iliyoiva sana jioni sokoni, kesho haina mnunuzi. Kumpa mteja wako wa siku zote hakukutii hasara.

Hapo utasema, si ndiyo nyongeza ya sokoni hiyo? Inafanana, ila kuna tofauti moja kubwa. Mama wa sokoni akikuongezea nyanya mbili, zimeshaingia kwenye kikapu chako, hawezi kukufuata nyumbani kuzidai. Maili haziingii kikapuni. Ni ahadi, na aliyeahidi ndiye anayeshika kalamu.

Kalamu hiyo ilianza kutumika mapema. Mwaka 1987 American na benki ya Citibank walitoa kadi ya mkopo inayompa mtu maili kwa kununua bidhaa tu, bila kuruka. Maili zikawa bidhaa ya kuuziwa mabenki. Mwaka 1988 American ikabadili masharti: viti vya maili vikawekewa kikomo, na tarehe nyingine zikafungwa kabisa. Masharti hayo yaligusa hata maili ambazo watu walishazipata. Abiria wakaenda mahakamani. Januari 1995 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens, ikasema sheria za majimbo za kumlinda mlaji hazitumiki hapo, kwa sababu ya sheria ile ile ya 1978! Abiria anaweza kudai kuvunjwa kwa mkataba tu. Sasa mkataba ameuandika nani? Shirika. Na mikataba ya namna hii kwa kawaida inasema shirika linaweza kubadili masharti.

Mwaka 2014 ikaja kesi ya Rabi Ginsberg, aliyefukuzwa kwenye mpango wa Northwest kwa madai kwamba analalamika mno. Naye hoja yake, kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema, ilishindwa.

Huku kwetu tuliingia kupitia Nairobi. Mwaka 1996 KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na daftari la maili likawa linatunzwa Ulaya. Baada ya Air France na KLM kuungana mwaka 2004, mwaka uliofuata ukazaliwa mpango wa Flying Blue, na Kenya Airways ikawamo. Aprili 2018 Flying Blue iliacha kuhesabu umbali ikaanza kuhesabu fedha: mwanachama wa ngazi ya chini maili 4 kwa kila euro. Nauli ya euro 300 bila kodi ikawa inaleta maili 1,200 tu, hata ungekuwa umevuka bara. Miezi miwili baadaye jedwali la bei za tiketi za maili nalo likaondolewa, bei ikawa inapanda na kushuka kama nauli ya kawaida. Kenya Airways baadaye ilianzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards.

Wazee wetu hili wanalijua kwa jina jingine: kushusha thamani ya fedha. Katikati ya 1984 dola ilitoka shilingi 12 ikawa 17, na katikati ya 1986 ikafika 40. Lakini shilingi ilikuwa na bunge, ilikuwa na Mwalimu aliyewabishia IMF kwa miaka. Maili zina nani?

Na msidhani ni kitu kidogo. Mwaka 2020, korona ilipozilaza ndege, United iliweka mpango wake wa maili rehani ikapata dola bilioni 6.8. Mpango huo ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya hisa zote za United sokoni wakati huo. Sasa jiulize, utajiri huo ulijengwa na uaminifu wa nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba daftari alikuwa nalo, tatizo lilikuwa la kwao. Kwa hiyo bibi, jibu ni ndiyo, alikuwa anawawekea wao.

Ushauri wangu, kama una maili za kutosha safari yoyote, safiri. Usizilaze. Mjomba zilizobaki anazimaliza mwaka huu. Na tiketi ya bibi tumeamua kuichangia ukoo mzima kama harusi. Kadi za mchango tayari zimeanza kuzunguka Moshono, na mimi yangu nimeshaipokea.