Mbao Zinazojipinda: Kero ya Chaka, Ufundi wa Stuttgart

Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma nchini Kenya ilitangazwa Februari 2018 na William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais. Julai 2023, akiwa Rais, akaiondoa mwenyewe. Watu walibishana kuhusu mito na ajira. Mafundi seremala wa Chaka, Kaunti ya Nyeri, wana lao la miaka nenda miaka rudi: mbao mbichi. Ubao wa saiprasi unaununua umenyooka, unaunda mlango, na kiangazi kikikolea mlango unajikunja, haufungi tena.

Miti yenyewe, saiprasi na msonobari, ni ya kuletwa. Wakoloni walipanda misitu kwa kiu ya kuni za garimoshi. Reli ikapita Chaka na kufika Nanyuki mwaka 1930. Msonobari wa radiata ulishambuliwa na ugonjwa wa majani miaka ya 1960, ukaachwa, msonobari wa patula ukachukua nafasi.

Jibu la kero ya fundi liko kwenye koni ya msonobari. Ikikauka, magamba hufunguka. Ukiiloweka, hujifunga, ingawa imekufa zamani. Mwaka 1997 Colin Dawson na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Reading walieleza siri hiyo katika jarida la Nature: gamba lina tabaka mbili, ya nje hutanuka sana kwa unyevu, ya ndani kidogo tu, basi gamba halina budi kujipinda.

Achim Menges wa Chuo Kikuu cha Stuttgart aliipeleka hoja hiyo mbali. Mwaka 2019, mjini Urbach, Ujerumani, yeye na washirika wake walisimamisha mnara wa mbao wa mita 14. Ubao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake, nao wakagundisha tabaka zenye nyuzi zinazopishana, zikiwa bapa na mbichi, wakaziacha zikauke. Moja ilivuta, nyingine ikagoma, na vipande vyote 12 vikapinda kama hesabu zilivyotabiri, bila mashine ya kukandamiza. Mafundi wanne waliunganisha mnara kwa siku moja ya kazi.

Huko kupinda kumekuwa kipaji. Kwetu bado ni hasara anayoachiwa fundi, na aibu hiyo si yake. Kaunti ya Nyeri iwajengee maseremala tanuri la kukaushia mbao, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho papa hapa Nyeri, kiwapimie saiprasi na patula zetu hupinda kiasi gani, kuelekea wapi.