Jina la Sauti ya Kenya

Mtu aliyekaa Nakuru mwaka 1965, akafungua redio yake jioni, alisikia kituo kikijitaja kabla ya kusema habari yoyote: Sauti ya Kenya. Jina hilo lilidumu miaka 25, katika redio na katika televisheni pia. Tukilichunguza, twaweza kusoma ndani yake mambo mengi ya nchi yetu.

Kabla yake yalikuwapo mengine. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928 mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na walioulenga walikuwa walowezi waliotamani habari za Ulaya. Mwaka 1959 iliundwa Kenya Broadcasting Service, na mwaka 1961 ikafuata Kenya Broadcasting Corporation, ambayo mwaka uliofuata ilileta televisheni. Majina hayo yalitaja shirika tu, wala hayakueleza linasema kwa niaba ya nani. Na kwa kweli halikusema kwa niaba ya wote pamoja, maana Wazungu walikuwa na matangazo yao, Waasia yao, na Waafrika yao. Nakuru, uliokuwa mji mkuu wa walowezi wa Bonde la Ufa, mgawanyiko huo ulikuwa dhahiri. Mwenye shamba alisikiliza idhaa moja barazani kwake, na mfanyakazi wake alisikiliza nyingine kambini, ingawa mawimbi yote yalipita juu ya shamba lile lile.

Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta alisimama mjini humo mbele ya walowezi, akawataka wasahau yaliyopita, wakae na kulima. Mwaka 1964 serikali mpya ilitwaa shirika la utangazaji na kulipa jina la Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya. Namna hiyo ya kuita haikuwa ngeni. Watu walikwisha kuzijua Sauti ya Mvita, Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Lakini hizo zilikuwa sauti za miji na kisiwa. Hii ilidai kuwa ya taifa zima, na ilidai kuwa moja. Kwa watu waliozoea kusemeshwa kwa makundi, dai hilo halikuwa dogo.

Hata hivyo umoja huo ulikuwa na upande wake wa pili. Sauti ilikuwa moja kwa kuwa ilikuwa idara ya serikali, chini ya wizara ya habari, na raia hakuwa na kituo kingine cha nchini cha kugeukia. Taarifa ya habari ilianza na shughuli za Rais, hata kama siku hiyo mambo makubwa zaidi yalitokea kwingine.

Wakati huo huo picha zilizidi kuenea. Mtambo wa kwanza wa televisheni uliwekwa Limuru. Mwingine ulisimikwa Timboroa, huko juu reli inakopita zaidi ya mita 2,700, kwa ajili ya watu wa Bonde la Ufa na wa magharibi. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti cha Longonot, karibu na Naivasha. Rangi zilikuja mwaka 1978. Zanzibar ilikuwa nazo tangu 1973, jambo ambalo sisi wa bara hulisahau upesi.

Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha Nairobi, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Waliosikiliza Molo, Naivasha au Nakuru walisikia kituo kile kile na mtangazaji yule yule waliyemzoea. Mwenye amri tu ndiye aliyebadilika. Siku hiyo hiyo askari watiifu walikikomboa kituo. Kwa saa chache, basi, Sauti ya Kenya ilikuwa ya yeyote aliyeshika bunduki mlangoni.

Jeshi la anga lilipoteza jina lake, likaitwa 82 Air Force hadi mwaka 1994. Kituo kilibaki na lake kwa miaka saba, mpaka sheria ya 1989 ilipokifanya shirika na kukirudishia jina la 1961. Mwezi Machi 1990 KTN ilianza kurusha picha mjini Nairobi, televisheni ya kwanza ya Kenya isiyo ya serikali. Hiyo haikujiita sauti ya mtu yeyote. Ilijiita kwa herufi tatu.