Kubuti: Neno Moja, Hatua Tatu

"Bodi nimebadilisha, lakini mashine haiwaki." Fundi aliyeko Juba, Sudan Kusini, akimpigia simu muuzaji wake wa Kampala na kumwambia hivyo, muuzaji hana pa kuanzia. Neno haiwaki limebeba hitilafu tatu zisizofanana, na kila moja ina dawa yake. Istilahi ambayo ingewaelewesha wote wawili ni kubuti, yaani safari nzima ya kompyuta tangu swichi ibonyezwe hadi mfumo endeshi ufunguke tayari kwa kazi.

Bodi yenyewe haina utata mkubwa. Vitabuni utakuta ubao mama au bodi mama. Mafundi husema madabodi, au bodi tu. Juba ni mji wa Kiarabu cha Juba, na Kiswahili chake kimeletwa na wafanyabiashara wa Kenya na Uganda pamoja na wenyeji waliorudi kutoka ukimbizini, kambi ya Kakuma nchini Kenya na kwingineko, baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005. Hapo jina ubao mama halimpotezi mtu, kwa kuwa Kiarabu nacho huita kifaa hicho al-lauha al-umm, maana ileile. Ni mama kwa sababu prosesa, memori, diski na kadi zote huchomekwa kwake na hupitia kwake ili kuwasiliana. Ndiyo maana ukimbadilisha, kila kitu kinapaswa kuunganishwa na kutambuliwa upya.

Kubuti kuna historia yake. Mabuti huwa na kitanzi cha kuvutia wakati wa kuvaa, na Kiingereza kina msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake mwenyewe. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kompyuta waliuchukua msemo huo kwa sababu walikuwa na fumbo kama hilo: kompyuta haiwezi kupakia programu bila programu ya kuipakia. Suluhisho likawa programu ndogo inayoanza yenyewe, kisha inaita kubwa zaidi. Kiswahili kilikwisha kuwa na buti la kuvaa, kwa hiyo neno lilipokuja mara ya pili lilikuta mlango wazi. Limekubali viambishi vyetu bila ubishi: inabuti, haijabuti, ibutishe tena.

Wapo wanaopendelea kuwasha, kuanzisha au kuamsha. Ni maneno mazuri, ila yana kazi zake. Tunawasha taa na jiko. Tunaanzisha programu yoyote. Tunaamsha kompyuta iliyolazwa bila kuzimwa. Kubuti libaki jina la safari yote, na ndani yake tutaje hatua tatu: kuwaka, kujikagua na kupakia mfumo. Hatua hizi mafundi wanazijua, maana utawasikia wakisema "haiwaki kabisa", "inawaka lakini haileti picha", au "inaishia kwenye nembo". Kazi ya istilahi ni kuupa mpangilio ujuzi ambao tayari upo mezani.

Kuwaka ni habari ya umeme. Bodi mpya ya kompyuta ya mezani huhitaji plagi mbili kutoka pawa saplai: ile pana ya pini 24, na nyingine ndogo, mara nyingi ya pini 8, karibu na prosesa. Hiyo ndogo husahaulika sana. Zipo pia pini mbili nyembamba za waya wa swichi; ukizikosea, utabonyeza hadi kesho. Chini ya bodi kuna vikalio vya shaba vinavyoitenganisha na kasha. Kikalio kimoja kikiachwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kinaweza kugusa risasi ya mgongoni mwa bodi na kupiga shoti: feni inazunguka mara moja, inakata. Na hapa neno lina mtego, kwa sababu bodi nyingi zina kitaa kinachowaka pindi umeme unapofika, hata kabla swichi haijabonyezwa. Kitaa kikiwaka, bodi imefikiwa na umeme. Kompyuta bado haijawaka.

Kujikagua ni hatua ya pili. Bayosi, programu iliyomo ndani ya chipu ya bodi, huuliza kama prosesa ipo, memori ipo, na picha ina pa kutokea. Isiporidhika, hulia milio au huwasha vitaa karibu na kifaa kinachogoma. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Chomoa memori, acha kipande kimoja, kikandamize hadi vibanio vishike. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha kama ipo, si kwenye bodi. Na prosesa inaweza kukaa vizuri kwenye soketi yake na bado ikakataliwa, kwa kuwa bayosi ya bodi hiyo ni ya zamani kuliko prosesa yenyewe.

Hatua ya tatu, kupakia mfumo, ndiyo inayoumiza wateja zaidi. Windows iliyomo kwenye diski iliandaliwa juu ya bodi ya zamani. Bodi mpya ikiwa imepangwa kubuti kwa mtindo mwingine, au kusoma diski kwa namna nyingine, nembo itatokea, kisha mfumo usipatikane au ije skrini ya bluu. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya data ya Windows, itadai ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu siri iliyokuwa ikiifungua ilibaki kwenye chipu ya usalama ya bodi iliyotolewa. Fundi mwenye haraka hupiga Windows upya, na hesabu za duka au picha za familia zinapotea. Kumbe mara nyingi ilitosha kurekebisha mpangilio mmoja wa bayosi, au kumuuliza mteja ufunguo wake kabla bodi haijafunguliwa.

Juba kosa hili ni ghali. Vipuri vingi hupandishwa kwa barabara kupitia Nimule, mpakani na Uganda, kama kilomita 190 kutoka mjini, na kurudisha bodi iliyodhaniwa mbovu ni gharama juu ya gharama. Umeme wenyewe, kwa wengi, ni wa jenereta au wa sola, kwa hiyo kila mara kuna mshukiwa mwingine wa kulaumiwa kabla ya waya uliosahaulika. Bodi nzima hutupwa kwa sababu maneno hayakutosha.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Mkataba wa Jumuiya unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Lugha hiyo itaaminiwa Juba pale itakapomfaa mtu mwenye bisibisi mkononi. Kwa hiyo naomba walimu wa kompyuta na watunga kamusi wazifundishe hatua hizi tatu kwa majina yake, na kila kadi ya kazi ya fundi iwe na mistari mitatu: inawaka? inajikagua? inapakia mfumo? Fundi akiweza kumwambia muuzaji, "Inawaka, haijikagui, na memori nimejaribu kipande kimoja," robo tatu ya uchunguzi imekwisha kabla simu haijakatwa.